Bredauni Isiyoshiba Maji

Jumatatu, 14 Julai 2025

Naanza kuandika humu kwa sababu za kiusalama. Siku ukweli ukitafutwa, ukutwe una tarehe.

Mimi ni Telesphory, mkazi wa Sofu, dereva wa bredauni kubwa kuliko zote Kibaha. (Ipo nyingine kubwa zaidi, lakini imepakwa rangi vibaya.) Mwenye gari ni Bi Zuwena, mjane wa Tangini. Ana bredauni mbili za kubebea magari mabovu, na madereva wawili. Kubwa naendesha mimi. Ndogo anaendesha Wilfred, ambaye kasomea, na cheti chake kakitia plastiki. Mimi nina miaka kumi na moja kwenye kiti kile. Sponji yake inanijua.

Tatizo: gari linakunywa maji. Asubuhi nimejaza rejeta hadi shingoni. Nimekwenda Zegereni kuchukua lori dogo la kiwandani, nimerudi, mshale wa joto uko juu na zimepungua lita nne. Chini ya gari hakuna hata tone. Nimeingia uvunguni mwenyewe na shati jeupe. Pakavu.

Mteja niliyempakia kalalamika kuwa kapeti la upande wake limelowa na soksi zake zimeharibika. Nikamwambia siku nyingine afute viatu kabla ya kupanda gari la watu. Akasema mvua haijanyesha wiki tatu. Mbishi. Kioo cha mbele nacho kilijaa ukungu njia nzima. Mtu anayeongea sana hutoa mvuke.

Bi Zuwena hajui habari za maji, na hatajua. Mwezi uliopita gari lilizima barabarani na gari la mchungaji likiwa mgongoni. Alisema likizima tena njiani, ufunguo unakwenda kwa Wilfred. Aliyasema kwa upole. Ndiyo maana naogopa.

Jumanne, 15 Julai

Nimempata mwizi. Wilfred! Maji hayapotei, yanaibwa. Wa kwanza kufika yadi ni yeye, wa mwisho kuondoka ni yeye. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nimechukua rangi ya kucha ya mke wangu Atupele, nyekundu, nikachora mstari kutoka kwenye kifuniko cha rejeta hadi shingoni mwake. Akikigusa tu, mstari utakatika na mimi nitakuwa na ushahidi.

Jumatano, 16 Julai

Nimetoka na gari, nimerudi. Mstari mzima. Maji yamepungua. Kwa hiyo Wilfred ana rangi ya kucha ya aina ileile. Sikujua kama ni mtu wa kufika mbali kiasi hicho.

Atupele kagundua chupa yake iko tupu. Nimemwambia ilikuwa ya kazi. Kanitazama, kisha akasema mficha maradhi, kifo humuumbua. Nimemjibu kuwa anayeumwa ni gari.

Mchana nikaenda kwa siri kwa Fundi Hashiru. Fundi mzuri, ila ana kiherehere. Kafunga pampu ya mkono kwenye shingo ya rejeta, kajaza upepo. Mshale wa pampu ukashuka polepole, maana yake kuna mahali panavuja, lakini nje hakuna kitu. Kafungua kifuniko cha oili kuangalia kama kuna utando wa rangi ya chai ya maziwa. Hakuna. Kavalisha glovu ya mpira kwenye shingo ya rejeta huku injini inaunguruma. Kama gasketi ya juu ya injini imeungua, eti glovu ingevimba na kusimama. Ikalala doro. Moshi nao si mweupe.

Hashiru akakuna kichwa. Akasema injini ni nzima, maji yanatoka mahali ambapo hatujapatazama, na akaomba aingie ndani ya kibini anyanyue kapeti.

Hapo nikazinduka. Hashiru na Wilfred wanakunywa chai kibanda kimoja. Mtu wa namna hiyo akishaingia mle, atatoka na siri zangu zote. Nikamwambia rejeta iko mbele na kapeti liko ndani, asichanganye mada. Nikaondoka zangu.

Ijumaa, 18 Julai

Bi Zuwena kaniita. Kesho tunakwenda Kisarawe, kwa shemeji yake Mzee Kibwana, kwenye dua ya miaka mitatu ya marehemu mumewe, Latifu. Gari la marehemu limekaa kule tangu msiba. Hakuweza kulitazama. Sasa anataka lije likae uani kwake, hata kama haliwaki. Nami nikahuzunika, kwa kama nusu dakika.

Kisha akasema atapanda na mimi, aone kwa macho yake gari linavyokwenda. Baada ya hapo ataamua nani akae kwenye kubwa.

Nikaona nisilale. Nimejaza madumu mawili ya lita ishirini ishirini na kuyapanga nyuma ya kiti. Nitaongeza maji kule Kisarawe watu wakiwa kwenye ubwabwa, nani ataona? Lakini Bi Zuwena kayaona hapohapo yadi, akauliza ni ya nini. Mdomo ukajibu kabla ya kichwa. Nikasema ni maji ya udhu. Wateja wangu wengi ni Waislamu, hukwama njiani saa ya swala, inaniuma kuwaona wakihangaika.

Mimi, Mkatoliki wa Bukoba.

Bi Zuwena kashika kifua. Kasema hajawahi kupata dereva mwenye utu kama huu. Wilfred alikuwa amesimama palepale na spana yake. Uso wake nimeufurahia hadi nyumbani.

Jumapili, 20 Julai

Misa nimeikosa. Naandika asubuhi kabla sijaanza kusahau kwa makusudi.

Kwenda tulikwenda salama. Bi Zuwena alivua viatu, kisha akawa anakunja miguu mara huku, mara kule. Akasema pana unyevunyevu. Nikamwambia ni kiyoyozi. Gari halina kiyoyozi.

Tumefika Kisarawe, mshale umeshapanda, natafuta namna ya kuyafikia madumu yangu. Mzee Kibwana akatoka kutupokea. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akamweleza shemeji yake kwa unyonge kwamba bomba halitoi maji tangu juzi, watu wamejaa na adhuhuri imeingia. Bi Zuwena akatabasamu. Akamwambia asihangaike, Mungu kamtuma Telesphory.

Niliyashusha madumu mwenyewe. Ningefanya nini? Walipanga mstari wanaume ishirini na sita, niliwahesabu. Nimeshika kopo namwagia mmoja mmoja, natabasamu, moyoni nalia. Mikono, mdomo, pua, uso, miguu. Kuna mzee mmoja aliyerudia miguu mara mbili. Mzee Kibwana alikuwa wa mwisho. Akanipigapiga begani, akaniuliza nitasilimu lini. Dumu la pili likakauka kwenye kisigino chake cha kushoto.

Tukala, tukapakia gari la marehemu, tukaondoka. Rejeta sikuthubutu hata kuitazama.

Kilima cha kwanza, mshale ukagota mwisho. Nikaufunika kwa mkono, nikijifanya nafuta vumbi. Mara Bi Zuwena akaruka na miguu juu ya kiti. Maji ya moto yalikuwa yanamchuruzikia miguuni kutoka chini ya dashibodi, kibini kimejaa mvuke. Gari likazima, na gari la mumewe mgongoni.

Hakugomba. Alinyanyua kapeti mwenyewe. Chini yake palikuwa na dimbwi. Akampigia simu Wilfred, na Wilfred, bila kuliona gari, akasema ni hita. Eti chini ya dashibodi kuna kirejeta kidogo cha kupasha joto kibini, madereva wa Makambako, kwenye baridi, wanakijua. Maji ya injini hupita humo hata usipoiwasha. Kimetoboka. Wang'oe mipira yake miwili, waiunganishe kwa kipande cha bomba, gari litafika.

Hita! Pwani hii! Miaka kumi na moja nimekaa nayo sikujua kama ipo. Kile kitufe chekundu nilidhani ni cha redio.

Mipira niliiunganisha. Maji hayakuwepo. Bi Zuwena akashuka na nguo zake za dua, pekupeku maana viatu vimelowa, akaenda kugonga nyumba moja baada ya nyingine kuomba maji. Mimi nyuma yake na madumu matupu. Niliona aibu. Aibu ya kweli. Njiani akaniuliza kama nilikuwa najua gari linapoteza maji. Hapo ndipo ningesema. Nikasema sikujua.

Tulipofika Tangini akanyoosha mkono, nikampa ufunguo. Akasema gari nimelishindwa, ufunguo ni wa Wilfred. Lakini hatanifukuza. Mtu anayebeba maji ya udhu ya dini isiyo yake hafukuzwi. Nitakuwa utingo wa Wilfred.

Jumatano, 23 Julai

Siku ya tatu ya utingo. Wilfred ananiita kaka, ananinunulia chai. Inaumiza zaidi ya matusi. Kiti changu kakisogeza mbele na kukitandika taulo.

Nimekaa nimejitafakari kwa uaminifu, kosa langu nimeliona: madumu mawili ni machache. Yangekuwa manne, leo ningekuwa dereva.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Leo asubuhi Wilfred kanituma nikague uvunguni. Chini ya gia boksi nimekuta oili inadondoka, tone baada ya tone, na ardhini pameshalowa. Nimefuta kwa fulana yangu, nikafukia kwa mchanga. Aliponiuliza nimeona nini, nimesema pakavu.

Kesho ana safari ya Kisarawe tena, na Bi Zuwena anakwenda kumwona anavyoendesha. Gia boksi ikiishiwa oili huwaka moto kama pasi, gari litamzimia mikononi na ufunguo utarudi kwangu. Tunaondoka saa kumi na mbili asubuhi, watu watatu kwenye kibini kimoja. Wilfred kwenye usukani, Bi Zuwena dirishani. Mimi nimepangiwa katikati, pale juu ya gia boksi.