Jopo la Bima Latimiza Mwaka

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye ametoa udhuru. Mheshimiwa mwakilishi wake, ambaye yuko njiani. Waheshimiwa wakuu wa idara, makaimu wao na makaimu wa makaimu wao. Masheha, mashehe, mapadri, walimu, wauguzi, madereva, na nyote watumishi wa Pemba mliokosa viti: asalamu alaykum! (Wanaitikia, waliosimama nje kwa sauti zaidi.)

Itifaki imezingatiwa. Mimi, Mratibu Mkuu wa Bima ya Pamoja ya Watumishi, nimesimama hapa kwa unyenyekevu ambao wengi wananiambia haujapata kuonekana kisiwani, kuadhimisha mwaka mmoja wa Jopo la Watumishi la Ushauri wa Bima, chombo shirikishi, endelevu na mtambuka, ambacho kupitia frimuweki ya mastekiholda kinatuletea fidibeki kutoka Wambaa hadi Kisiwa Panza, na ambacho, kwa takwimu nilizozikokotoa mwenyewe, kimefikisha kuridhika kwenu asilimia mia moja na nne. (Makofi safu ya mbele. Nyuma mtu anasema, "Ala!")

Jopo hili si mchezo! Limekaa Arusha, kwa sababu joto la hapa linaathiri fikra. Limekwenda Dubai kujifunza jinsi wenzetu wanavyopanga foleni. Na mimi, kwa kuwaonea huruma wajumbe wasichoke, nimesafiri kwa niaba yao. (Kicheko.) Msicheke, uchovu ule naujua mwenyewe.

Naona mkono. Mama mwenye miwani, sema, ila kwa ufupi, biriani inapoa.

(Anasimama mwanamama, ameshikwa mkono na mwenzake. "Mheshimiwa, mie mwalimu. Nina mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kila nikenda hospitali naambiwa bima hailipi upasuaji mpaka jopo lishauri. Ubao siuoni tena, wanafunzi ndo wanaonisomea mie. Jopo lenyewe li wapi, baba, nikalililie?")

Swali zuri mno! Hiyo ndiyo fidibeki! Lakini mama, mimi siwezi kuingilia uhuru wa jopo, haki ya Mungu siwezi. Utaratibu uko wazi: shida yako mpelekee mwenyekiti wa jopo, akitia saini tu, unapasuliwa. (Mwanamama: "Alhamdulillahi! Nani huyo?") Tulia mama, namjia.

Kaulimbiu, wote kwa pamoja: Bima ni yetu! (Wa nyuma: "Na dawa twanunua!")

Mwisho kabisa, shukrani za pekee kwa mwenyekiti wa jopo, ambaye hajakosa kikao hata kimoja, Arusha alikuwepo, Dubai alikuwepo, na alivyo mpole hajajisifu kwa mtu. Aje apokee ngao yake: Mwalimu Rumaitha Muadh wa Gando! (Watu wanageuka huku na huku.) Mwalimu Rumaitha! Mbona haji?

(Mwanamama mwenye miwani anasimama tena, taratibu. "Rumaitha ndo mie, baba. Hilo jopo nalisikia leo, na Dubai sijui hata i upande gani. Lakini kama mwenyekiti ndo mie, basi nipeni kalamu. Mnioneshe tu pa kutia saini, maana sipaoni.")

Naam. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza. Ishak wa mitambo, zima kipaza sauti! Biriani, jamani, biriani!

(Hakuna anayekwenda kula. Watu wanatafuta kalamu.)