Mwisho wa Sinema Nisioujua

Jumamosi, 7 Julai 1956. Iringa.
Sinema ukumbini, saa tisa alasiri, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Mwanamke mzuri ajabu. Mumewe kafa maji, daktari anamposa. Siku ya harusi mlango unafunguliwa: mume, mzima, bastola mkononi! Papo hapo pazia likawa jeupe. Mwendesha mtambo akatangaza kwamba mkanda wa mwisho umetangulizwa Mbeya kwa makosa. Utaonyeshwa huko Jumamosi ijayo. Zogo! Severina, fundi cherehani wa Mlandege, alikuwa benchi la mbele yangu, leso machoni. Miezi minane natafuta neno la kumwambia. Leo likanitoka lenyewe: nikasema sinema hii nimeshaiona, mwisho naujua.
Sijaiona.

Jumapili, 8 Julai.
Baada ya misa Severina alinisubiri mlangoni. Mimi! Nikamwambia mwisho ule hausimuliwi kwa haraka, anipe wiki moja hivi. Akakubali. Mara akatokea Mwalimu Bartholomeo na baiskeli yake inayong'aa, akadai hata yeye ameiona. Mwongo! Mwongo mwenzangu namjua.

Ijumaa, 13 Julai. Mbeya.
Kazini nimeaga kwamba shangazi yangu wa Mbeya ni mahututi. Sina shangazi Mbeya. Ndani ya basi kiti kilikuwa kimoja tu: kando ya Bartholomeo. Akasema anafuata chaki. Chaki! Tulipopita Makambako akaanza kutetemeka. Nikafurahi. Tulipofika Chimala alikuwa ameniegemea begani, mwili moto kama pasi. Furaha ikaniishia.

Jumamosi, 14 Julai. Ilomba, Mbeya.
Homa haijashuka. Mama Ikupa, mwenye nyumba tulikofikia, kampikia uji. Mpango wangu: mgonjwa akilala naondoka, naona mwisho peke yangu, Severina wangu. Saa nane nikavaa viatu. Bartholomeo akafumbua macho, akanishika mkono.
"Mama, unakwenda?"
Nikavua viatu.
Naandika ili ijulikane: nilibaki kumlinda asije akaenda yeye. Kumkanda kwa maji hadi jioni ilikuwa sehemu ya ulinzi.

Jumanne, 17 Julai. Iringa.
Tumerudi. Severina akadai mwisho wake. Nikachomoka kwa mbinu mpya: nikamsimulia jinsi Bartholomeo alivyotetemeka kama kifaranga, mwanamume mzima akimwita mama yake. Nilitegemea acheke. Akafunika cherehani, akachemsha maziwa, akampelekea. Mjinga mimi!

Ijumaa, 20 Julai.
Kampelekea tena. Hii ni mara ya tatu. Nimenyoa ndevu, hakuna aliyeona.

Jumapili, 22 Julai.
Nilijificha nyuma ya kanisa. Severina akanikuta. Akasema Bartholomeo amekiri kwamba ile sinema hakuwahi kuiona. Nikatazama viatu vyangu. Akasema amekiri pia nani aliyebaki naye Ilomba. Safari ya kwanza alipeleka maziwa kwa huruma. Mbili zilizofuata alikwenda kusikiliza, maana mgonjwa hana habari nyingine ila za Marcelino, yaani mimi: alivyomkanda, alivyomlisha uji kwa kijiko, alivyomwimbia hadi akalala. (Sikuimba. Labda kidogo.)
"Kwa hiyo hata wewe mwisho huujui," akasema.
"Siujui, dada."
"Dada tena? Mimi naitwa Severina."
Mkanda unarudi Iringa mwezi ujao, kamili. Atakaa benchi moja nami. Bartholomeo mwenyewe amejitolea kuwahi kutushikia nafasi, na macho yake yalikuwa mekundu kidogo aliposema hivyo. Nikampa mkono. Tukashikana muda mrefu.
Nimeapa: sidanganyi tena maishani.

Jumatatu, 23 Julai.
Leo nimemsindikiza Severina hadi kwake. Akasema kwa kuwa najua kuimba, bila shaka kuna na chombo ninachopiga. Alinitazama kwa macho yale. Ningefanyaje? Nikamwambia nimepiga gitaa miaka miwili katika bendi, Dar es Salaam. Akafurahi mno. Jumamosi dada yake anabatiza mtoto, nikapige.
Nimekimbia kwa Bartholomeo. Amecheka mpaka akakohoa, lakini ameazima gitaa mahali na atanifundisha.
Siku tano zinatosha. Lina nyuzi sita, anasema. Nilidhani nne.