Malalamiko Yangu kwa Kuambiwa Kwamba Mimi Si Mtu Mbaya

Jericho, Nairobi
Novemba 1984

Kwa Mama Khavere,
Mwenyekiti, Kikundi cha Akina Mama.

Mama Mwenyekiti,

Pokea salamu, na pole na kazi ya kiwandani. Mimi ni Ndambuki, dereva wa lori, mume wa Kanyiva anayekuja kwenye mkutano wenu kila Jumamosi. Nakuandikia kwa heshima, ila kwa uchungu, nikiomba mniondolee dhuluma zifuatazo.

1. Mke wangu amekoma kugombana nami. Zamani nikikawia Soko la Burma na wenzangu, nikarudi nikinuka nyama choma, aliniita mtu mbaya. Nilizoea. Mtu mbaya hutubu Jumapili, akaombewa, mambo yakaisha. Siku hizi ananitazama kwa huruma. "Wewe si mbaya, Baba Nyamai. Mpango wa mambo ndio mbaya, nawe umekaa mahali pazuri ndani yake." Ati umewafundisha kwamba mwanamke anaweza kuonewa na watu wema watupu. Mama, mpango nitautubu vipi?

2. Nilipobisha, akanitajia jirani yetu Nthoki, aliyefiwa na mumewe mwezi wa nane. Kadi ya kukodi nyumba ya jiji ina jina la marehemu, na shemeji yake Kilonzo anataka kuhamia humo, Nthoki na watoto warudi Ukambani. Nilicheka. Nikasema hakuna mpango wowote, Nthoki hajui kuuliza tu. Nikajitolea kumpeleka mwenyewe, ili Kanyiva aaibike.

3. Kila tulikokwenda tulipokelewa vizuri, na hilo ndilo linaloniuma. Naibu wa chifu alitueleza kwa upole kwamba hiyo ni desturi. Mzee wa kanisa alitokwa na machozi, akatuombea. Kilonzo mwenyewe ndiye aliyenunua jeneza la kaka yake, sasa nimtukane vipi? Karani wa nyumba za jiji alimpa Nthoki pole, akanipa mimi kiti. Nthoki akiuliza, karani ananijibu mimi. Nilitafuta mkatili hata mmoja nimpeleke nyumbani kama ushahidi, nikamkosa. Mwishowe karani akainama, akaninong'oneza: "Bwana, huyu mama nimemwambia mara nyingi haiwezekani. Lakini kwa vile umekuja wewe, tunaweza kuiandika nyumba kwa jina lako."

Nilikataa, Mama. Lakini si mara moja. Kwanza nilifikiria mahali pa kuweka kabati.

4. Tuliporudi mikono mitupu, Kanyiva hakulia wala hakunicheka. Alibeba mkeka na sufuria, akaenda kuketi kwa Nthoki. Nawe ukafika na wenzako. Kilonzo alipokuja na kitanda juu ya mkokoteni, alikuta akina mama wamejaa hadi mlangoni wakichambua sukumawiki. Akauliza mkubwa wenu ni nani. Ukamjibu, "Hapa hakuna mkubwa, shemeji. Pita uketi, ukipata pa kuketi." Akageuza mkokoteni.

Nani basi ameumia? Sisi waume. Tumeachiwa majiko, na mahindi haya ya manjano ya msaada wa njaa yana kiburi. Ugali nilioupika juzi niliwatupia kuku wa jirani yangu Javan. Waliuzunguka, wakaenda zao.

Kwa hiyo naomba moja kati ya haya: mniletee mtu mbaya mmoja, hata akiwa mdogo, nimlaumu nipate usingizi, au mnirudishie Kanyiva yule wa kunifokea.

Nisalimie wote walio mkekani, watoto wa Nthoki, na pia Kilonzo mkikutana naye. Kwa bahati mbaya, ni mtu mwema.

Ni mimi niliyeonewa,
Ndambuki (Baba Nyamai)

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha. Leo asubuhi nimerudi kwa yule karani pamoja na Nthoki. Nilisema maneno mawili tu: "Andika Nthoki." Akaandika papo hapo, hata kichwa hakuinua. Nthoki amekuwa akimwomba hivyo hivyo tangu mazishi. Tulipotoka nje nilisimama kidogo nikingoja kushukuriwa. Alikuwa ameshika kadi kwa mikono miwili. Akaniuliza, "Na mwanamke asiye na Baba Nyamai wa kumsemea?"

Kama mnaruhusu wanaume, nitakuja Jumamosi. Nitakaa nyuma, na sitasema neno.