Apu Arobaini na Moja za Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi 2025

Collins ameweka bango jipya. Kubwa kama mlango wa kanisa. Linasema: TUNAONDOA APU SUGU KWENYE SIMU. TUNATUMIA KOMPYUTA. Hilo neno la mwisho amelipaka nyekundu. Makusudi! Anajua mimi sina.

Mimi, Mathews Opondo, nimeuza kava za simu na vioo vya kubandika hapa Malaba, mpakani, miaka sita, hatua ishirini kutoka foleni ya malori. Collins alikuja juzi tu na kibanda chake cha ufundi, na sasa madereva wananipita kama kigingi. Wana simu mpya zilizojaa takataka za kiwandani. Michezo. Kamari. Habari za nchi wasizozijua. Ukitafuta kitufe cha kuziondoa, hakipo. Wenye kiwanda wamekificha. Basi wanakwenda kwa Collins.

Leo nimesoma mtandaoni kwamba inawezekana bila kompyuta. Simu inajipa amri yenyewe! Nimefunga kibanda saa kumi. Nikamwambia Linet, mke wangu, kwamba kufikia Jumapili Collins atakuwa anauza maandazi. Linet akauliza kama nimenunua sukari.

Sikununua. Mtu mwenye maono hawezi kukumbuka sukari.

Jumanne, 4 Machi

Siku kubwa. Nimeifanyia majaribio simu yangu mwenyewe, kama madaktari wa zamani.

Unaingia kwenye Mipangilio, unatafuta namba ya toleo, unaigusa mara saba. Nikagusa. Simu ikaniandikia kwamba sasa mimi ni msanidi programu. Mara saba tu! Collins alikaa chuoni miaka miwili.

Baada ya hapo mambo yakawa magumu kidogo. Simu inatoa namba sita, nawe unatakiwa kuziandika kwenye apu ya amri niliyoipakua. Lakini ukitoka kwenda kuziandika, zinabadilika. Nikazikariri, nikakimbia. Zimebadilika. Nikamwita Linet azishike kichwani. Akazishika vizuri kabisa, na bado simu ikazibadilisha. Mara kumi na nne. Linet akasema ana nguo za watu za kushona. Ndipo nikagundua kwamba skrini inagawanyika: namba juu, apu chini. Nikaruka! Kikombe kikavunjika.

Nimeondoa mchezo wa peremende, kamari, duka na saa. Saa ya nini? Tuna saa ukutani.

Jumatano, 5 Machi

Nimeamka saa tatu. Kengele haikulia. Nilipofika Collins alikuwa amehudumia watu wanne.

Haidhuru. Nikatundika bango langu: OPONDO. BILA KOMPYUTA. BILA MASWALI. Kabla ya chai akaja dereva, Kiprono, mwenye lori la saruji, siku ya pili kwenye foleni. Alisema kila akifungua simu inamtangazia majani ya kupunguza mwili. Alisema foleni hii imeshampunguza vya kutosha.

Nikamwashia mtandao kutoka simu yangu, nikagawanya skrini, namba sita, amri, moja baada ya nyingine. Apu kumi na saba nje! Kiprono akaishika simu yake, akaifungua, akaifunga, akaifungua tena.

"Boss," akasema, "imekuwa nyepesi kama lori linalorudi tupu."

Akaenda kuwaambia wenzake. Mpaka jioni madereva watano. Collins mwenyewe alivuka kuja kutazama. Akaniuliza kwa upole, ule upole wake wa kujifanya, kama huwa naandika jina la kila ninachoondoa kabla ya kukiondoa. Nikamwambia anayekwenda mbele haandiki alikotoka. Akasema sawa.

Wivu! Niliuona machoni.

Alhamisi, 6 Machi

Heshima imenijia mpaka mlangoni. Ila karibu ipite.

Mama Selpher, mama yake Linet, anauza samaki Busia. Wanatoka ziwani, Osieko, kwenye barafu, yeye anawauzia wanunuzi wa Uganda. Kazi yake yote iko ndani ya simu. Sasa Jumapili iliyopita, katikati ya sala ya toba, simu hiyo ililia ndani ya mkoba kwa sauti ya mwanamume: "Cheza sasa! Ushinde sasa!" Mchungaji akanyamaza. Kanisa zima likageuka. Na Mama Selpher ndiye kiongozi wa akina mama.

Amemwambia Linet angeitupa ziwani, ila ndani yake mna namba za watu wa miaka kumi na tisa. Kesho atapitia Malaba. Linet akasema ataipeleka kwa Collins.

Niliacha ugali. Simu ya mama mkwe wangu ipelekwe kwa Collins! Ukoo mzima wa Opondo uzikwe leo!

"Baba Rita," Linet akasema, "hiyo si simu ya kujifunzia. Jumamosi Mama ana mzigo mkubwa. Echodu, mnunuzi wake wa Tororo, anamsubiri."

Nikamuuliza kama hakuwaona wale madereva watano. Akasema aliwaona. Nikamuuliza kama kuna aliyelalamika. Akasema wameshavuka mpaka, watalalamikia wapi? Nikasema huo ndio ushahidi wenyewe. Alichoka kabla yangu. Ndivyo ninavyoshinda.

Ijumaa, 7 Machi

Ushindi! Acha niandike kila kitu.

Mimi na mama mkwe hatusalimiani kwa mkono wala hatutazamani uso. Ndiyo desturi. Miaka tisa ya ndoa, hajawahi kulitaja jina langu. Basi yeye alikaa ndani ya duka la Linet la kushona, mimi kibandani kwangu ng'ambo ya barabara, na Linet akavuka na simu imefungwa kwenye leso kama mtoto mchanga.

Nikaifungua. Majina ya apu zaidi ya mia tatu! Mengine yanasikika kama magonjwa. Lakini mimi nina kanuni. Kama Mama hakuiweka, na mimi siijui, ina kazi gani? Nje. Nje. Nje. Moja nilipoichunguza nikakuta ina ruhusa ya kuona majina ya watu wote wa Mama na ya kushika simu zake zote, zinazoingia na zinazotoka. Simu zote za mama mkwe! Jasusi! Niliiondoa hiyo kwa mikono miwili.

Jumla arobaini na moja. Collins hajawahi kufika hapo.

Linet alipokuja kuichukua aliuliza ile picha ya kijani ya kupigia iko wapi. Nikamwambia simu nzima ni simu, picha ya nini? Alitaka kusema kitu, lakini gari la Busia lilikuwa linapiga honi na Mama alikuwa ameshasimama. Linet akakimbia nayo.

Dakika moja baadaye alirudi na ujumbe. Mama alisema: "Mwambie mwenyewe, Mungu ambariki. Inateleza kama sabuni."

Mwenyewe! Huyo ni mimi. Nililala kibandani usingizi wa mchana wa saa nzima.

Jumamosi, 8 Machi

Kuna tatizo dogo la mtandao Busia.

Hivyo ndivyo nilivyomwambia Linet saa mbili asubuhi, alipopigiwa na mama yake kwa simu ya mtu mwingine. Samaki wamefika. Kilo mia mbili za mbuta, kwenye barafu. Echodu alikuwa apige saa moja kusema gari lake liko wapi. Kimya. Mama akitaka kumpigia yeye, hapati mahali pa kupigia, wala hayaoni majina ya watu. Kisha akaja mchukuzi kutoka upande wa pili wa mpaka kumwambia kwamba Echodu amepiga mara kumi na moja. Kwake inaita, Mama hapokei. Amekasirika. Ameanza kununua kwa watu wengine.

Na barafu inayeyuka.

Linet alichukua mkoba. Nikamfuata. Bodaboda mpaka Busia, sisi wawili, yeye akitazama barabara. Mimi nilisema maneno mengi.

Mama Selpher alikuwa amekaa juu ya sanduku la samaki, mgongo umenyooka, maji ya barafu yanapita chini ya viatu vyake. Kwa heshima nikajificha nyuma ya nguzo. Linet akaniletea simu. Nikafungua amri zangu. Kurudisha ni rahisi, unaandika jina la ulichoondoa.

Jina. Majina arobaini na moja. Nilikumbuka moja, na hiyo ilikuwa kamari.

Lakini mimi huwa sikwami. Nikamweleza Linet kwamba ipo njia ya kuifuta simu yote irudi kama ilivyotoka kiwandani. Kila kitu kitarudi.

"Na namba za Mama?" akauliza.

Nikasema namba ni kitu cha kutafutwa, watu wapo. Kidole changu kilikuwa tayari hewani. Ndipo nikaona viatu vilivyolowa vimesimama mbele yangu. Nikainua macho. Mama mkwe, uso kwa uso.

"Mathews," akasema. "Weka simu chini."

Nikaiweka.

Linet akampigia Collins kwa simu yake, akaweka sauti ya nje ili wote wasikie. Collins akauliza simu ni ya kampuni gani. Akauliza nini kimepotea, nami nikamsimulia habari za yule jasusi. Halafu akasema, "Dada, huyo jasusi ndiye aliyekuwa apu ya kupigia simu. Andika ninavyokutajia, herufi moja moja."

Linet akaandika mstari mmoja. Dakika nne. Picha ya kijani ikatokea, na nyuma yake majina yote.

Nilimwambia Collins si ajabu, mtu mwenye kompyuta mbele yake anaweza chochote.

"Kompyuta gani, Opondo?" akasema. "Ilikufa Desemba. Natumia njia hiihii yako. Ila mimi naandika kwenye daftari."

Tapeli! Na bango lote lile jekundu!

Mama alimpigia Echodu palepale. Tulimsikia mpaka kwenye nguzo. "Mama, nimepiga mara kumi na moja! Nikasema huyu mama ametajirika, amenikataa."

"Sikukukataa, mwanangu," Mama akasema. "Mkwe wangu aliikata simu ulimi."

Echodu alicheka mpaka akakohoa. Lakini gari lake lilikuwa limejaa nusu. Alichukua kilo mia moja. Mia nyingine zikabaki, na barafu ilikuwa imekwisha.

Jioni nilitafakari jambo moja tu. Ameniita kwa jina! Miaka tisa!

Jumapili, 9 Machi

Hakuna kanisa. Samaki.

Tangu asubuhi nimepara magamba nyuma ya nyumba ya Mama, Busia. Linet anapasua, mimi napara, Mama anapanga juu ya moto wa kukaushia. Tumerudi kwenye desturi. Mama hanisemeshi. Anamwambia Linet: "Mwambie apare kuelekea kichwani." Linet yuko kati yetu, anasema, "Amesema upare kuelekea kichwani." Vidole vyangu vimechanika. Magamba mpaka masikioni.

Adhuhuri Mama aliosha mikono, akaifuta simu kwa leso, akakaa kwenye kigoda akisoma majina. Moja moja, kutoka juu. Alikuwa anahakikisha. Alikuwa akitaja kila jina kwa sauti ndogo, huyu wa Osieko, huyu wa Rukala, huyu mwenye mashua mbili. Akafika kwa jina la marehemu mume wake, babake Linet. Amefariki miaka minne sasa. Namba hiyo haipatikani tena. Mama hakulitaja kwa sauti. Alilitazama tu, akapitisha kidole juu yake, akaendelea na linalofuata.

Jana kidole changu kilikuwa hewani.

Niliinama kwenye samaki. Linet aliniuliza nina nini. Nikamwambia moshi. Ulikuwa unaelekea upande wa pili.

Tulipoondoka Mama alimpa Linet mbuta wanne waliokauka vizuri. Wawili alisema ni wa mwenyewe.

Jumatatu, 10 Machi

Nimelala vizuri, akili imetulia, na nimeliona kosa lilipokuwa. Kosa ni simu! Simu ni kitu cha hatari. Ndani yake mna mama za watu na marehemu wa watu. Msanidi wa kiwango changu hafai kufanyia kazi mahali penye watu wengi namna hiyo.

Collins alivuka asubuhi na kuniletea daftari jipya, zawadi. Akasema amelipigia mistari tayari. Nimemshukuru. Meza ya kibanda changu ilikuwa inayumba mguu mmoja, sasa haiyumbi.

Halafu nikaenda kunywa chai kwa Allan, mwenye hoteli ya madereva pale kwenye maegesho. Allan ana televisheni mpya, ya inchi sitini na tano. Madereva zaidi ya mia wameshajiwekea viti kwa ajili ya mechi ya Jumatano. Na hiyo televisheni, nimeiona kwa macho yangu, imejaa takataka za kiwandani! Inachelewa kuwaka. Allan mwenyewe amechukia. Nikamwambia ana bahati, amekutana na mtaalamu. Akauliza kama nimewahi kuifanya. Nikamwambia, mzee, nimeondoa arobaini na moja kwa siku moja, uliza Busia nzima.

Amenipa rimoti.

Nimeshaanza kuyapitia majina. Kuna kitu kimoja, Allan anaapa tangu anunue televisheni hajawahi hata kukifungua. Kinaitwa Huduma ya Sauti. Kinatoka leo.