Jeti ya Padri na Mtama wa Kijiji

Jumatatu, 14 Mei 1979

Leo nimeachana na jembe. Au tuseme, nimekaribia. Nimemweleza Mwenyekiti Theonest kwamba ndege kweleakwelea wanamaliza mtama wa kijiji huku Gozbert, msimamizi wa shamba, na kikosi chake wakigonga madebe na kukauka koo bure. Mimi nina jeti! Ndogo, urefu wa mkono wangu, inaongozwa kwa redio. Padri niliyekuwa nikimpikia Rulenge aliniachia aliporudi kwao. Ikipita juu ya mtama, kweleakwelea watahama wilaya.

Mwenyekiti ametaka aione Jumamosi, mbele ya halmashauri ya kijiji. Ikiruka na kutua salama, nimesamehewa kazi ya shamba la kijiji msimu mzima. Ikianguka, nitang'oa visiki chini ya usimamizi wa Gozbert. Gozbert alicheka hadi akapaliwa. Atajua hajui.

Jumanne, 15 Mei

Jaribio la kwanza. Imeruka vizuri ajabu, na hakuna aliyeiona! Kijiji chetu kizima cha Runazi kililala kifudifudi mahandakini, kama mgambo walivyotufundisha tangu vita ianze: ukisikia mngurumo angani, lala, usiinue kichwa. Nilipiga kelele kwamba ni yangu. Hakuna aliyeinuka. Mwenyekiti alikuwa chini kabisa, Gozbert juu yake.

Kisha nikapunguza moto wa injini ili itue. Pua ikainama, ikachoma ardhi katikati ya mihogo. Kwa bahati nzuri hilo nalo hakuna aliyeliona. Nimewatangazia kwamba imetua. Bawa nimeliunga kwa gundi ya mbao.

Jumatano, 16 Mei

Mara tatu leo. Angani iko sawa, lakini kila nikipunguza moto pua inainama. Sababu nimeipata: upepo wa kutoka Nyakahura.

Mke wangu Verediana alikuwa amekaa akichambua maharage, akitazama. Akauliza kile kijiti kidogo pembeni mwa kisanduku cha redio ni cha nini. Nikamweleza kwa upole kwamba kinarekebisha kibao cha mkia. Ukikivuta chini, pua inainuka kidogo.

"Basi kivute, Baba Audax," akasema.

Ati kivute! Padri alikiweka katikati kwa mkono wake mwenyewe, na Padri amesoma Ulaya. Mimi mpishi nikiguse? Nimehamisha uwanja.

Ijumaa, 18 Mei

Uwanja mpya ni mbaya kuliko wa kwanza. Jeti imeingia kwenye maharage ya Gozbert yaliyoanikwa. Alinirudishia gurudumu moja, amelishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. Akanijulisha kwamba kisiki changu ameshakichagua: mninga ule mkubwa karibu na kisima, ulioshinda watu wanne.

Nimeogopa, naandika ukweli. Mgongo wangu haukuumbwa kwa ajili ya mninga. Lakini kukata tamaa, hapana! Nimekaa, nimefikiri, nimekumbuka. Padri hakurusha jeti hata siku moja bila kofia yake ya majani. Na kofia ninayo! Verediana amekubali kwamba ni wazo zuri. Ameniambia nikanyoe ndevu, yeye atakipangusa vumbi kisanduku cha redio.

Jumamosi, 19 Mei

Ushindi!

Halmashauri yote ilikuwepo, safari hii imesimama. Nikarusha. Kweleakwelea waliinuka wote kwa pamoja, wakaenda zao. Gozbert akasema kuruka si kazi, kazi ni kutua. Nikabonyeza kofia kichwani, nikapunguza moto, nikafumba jicho moja.

Pua haikuinama. Jeti ilishuka taratibu, ikagusa nyasi, ikatambaa hadi miguuni pa Mwenyekiti na kusimama.

"Ndugu Privatus," akaniambia, "jembe liweke chini."

Gozbert alitazama angani muda mrefu ingawa huko hakukuwa na kitu. Nilimweleza Verediana kwamba siri yote ni kofia. Akasema kweli, ni kofia nzuri. Machozi yalinitoka kidogo, nadhani ni vumbi.

Jumapili, 20 Mei

Baada ya misa Mwenyekiti ametangaza: kesho wakubwa wa wilaya wanatoka Biharamulo kuja kuiona jeti. Wakiipenda, nitazunguka vijiji vyote nikifukuza kweleakwelea. Wasipoipenda, yale ya Jumamosi yamefutika, nami kwenye kisiki.

Nimekagua kila kitu. Nusura nizimie! Kile kijiti hakipo katikati. Kimevutwa chini hatua tatu nzima, labda kitambaa cha Verediana kilikigusa. Na jana nimetua hivyohivyo! Kumbe kofia ina nguvu kuliko nilivyodhani.

Nimekirudisha pale Padri alipokiweka. Kisha nimekimwagia nta ya mshumaa, kisicheze tena.

Verediana alitazama nta ikikauka. Sasa yuko uani ananoa jembe langu. Nimemuuliza la nini, na mimi nimesamehewa. Amejibu kwamba ni butu tu.

Naenda kupiga kofia brashi.