Chuo cha Maumivu

Siku mwenye kiwanda cha nguo alipotangaza kwamba barua za daktari hazipokelewi tena, Bwana Pole alifiwa na biashara. Barua hizo, zenye mihuri mizuri kuliko ya hospitali yenyewe, alikuwa akizitengeneza yeye chumbani kwake. Watu walimwita Bwana Pole kwa kuwa hakuna aliyemzidi kuwapa wenzake pole, na wenzake aghalabu walikuwa na haja nayo baada ya kukutana naye.

Lakini mjanja halali njaa. Tangazo liliendelea kusema kuwa anayeumwa amweleze msimamizi kwa mdomo, na akiaminika atapewa siku tatu za kupumzika. Kwa mdomo! Bwana Pole nusura aibusu ile karatasi ya tangazo. Alichokosa ni ugonjwa tu, usio na kidonda wala homa, ambao msimamizi hawezi kuukagua kwa macho.

Aliupata kwa Mama Vifungo, aliyeshona vifungo humo kiwandani. Mama huyu aliumwa viungo kweli, na kila mtu alijua isipokuwa msimamizi, bwana aliyeingia kazini saa nne, akapita mezani kwa mama mchana, akaona sindano inakimbia, akauliza huu ni ugonjwa gani. Barua halali ya mama ilitupwa kapuni pamoja na zile za Bwana Pole. Aliomba abadilishiwe saa za kazi tu, basi. Akajibiwa kwamba mwezi ukiisha na kazi yake bado inasuasua, asirudi.

Bwana Pole alimfuata wakati wa chakula, akampa pole ya jumla, akaeleza shida yake: anataka kufundishwa ule ugonjwa, na yuko tayari kulipa.

"Kwani wewe ndiye yule wa barua?" Mama Vifungo aliuliza.

Bwana Pole alikohoa kwa unyenyekevu.

Mama akasema anataka dawa zake za mwezi mzima zilipiwe kwanza. Zikalipiwa, na somo likaanza.

"Mwili una askari wake," alisema. "Kazi yao ni kufukuza vijidudu. Wangu wamechanganyikiwa. Wanaviona viungo vyangu ni adui, wanavishambulia, vinavimba."

"Nani kawachanganya?"

"Daktari anasema hakuna wa kumnyooshea kidole. Kuna ya kurithi, mama mdogo wangu alikuwa nao. Kuna moshi wa sigara. Wengine maambukizi huwaamsha hao askari, na wakishaamka hawajui kulala."

Bwana Pole alipendezwa mno. Nyumba kuvamiwa na mlinzi wake mwenyewe! Huo ulikuwa ugonjwa wa heshima. Akauliza unauma vipi.

"Mkono mmoja tu. Tena jioni, ukishafanya kazi. Asubuhi unaamka mzima, unaruka."

Aliandika yote kwenye daftari, akaomba arudiwe, na mama akarudia polepole ili asikosee hata neno.

Chuo kikafunguliwa nyuma ya kibanda cha kinyozi. Wanafunzi walikuwa kumi na wawili, wakata vitambaa na wapiga pasi, wenye afya ya ng'ombe na hamu kubwa ya kupumzika, na kila mmoja alilipa ada. Bwana Pole aliwafundisha kuugua kwa staha, wasilie kama wanazaa, wazungumzie askari kwa huzuni ya mtu aliyesalitiwa.

Watatu wa kwanza walipewa ruhusa bila shida. Alipofika wa kumi na mbili, ameushika mkono wa kulia na kusimulia habari za askari, msimamizi aliingiwa na hofu kwamba ugonjwa unaambukiza, akakimbilia kwa mwenye kiwanda. Mwenye kiwanda aliita daktari wa viungo na kuamuru watu wote wafike mbele ya daktari huyo. Iwe saa moja asubuhi, alisema, kabla mashine hazijawashwa.

Bwana Pole alijipenyeza kama binamu wa mpiga pasi mmoja, aje kuwaona wahitimu wake. Daktari, mama mfupi mpole, alisikiliza habari za askari na za mkono wa jioni, kisha akawauliza mmoja mmoja.

"Sasa hivi unaumwa?"

"Hapana, daktari. Asubuhi mimi mzima, naruka."

Wote kumi na wawili walikuwa wazima, na wote walikuwa wanaruka. Daktari aliweka kalamu chini.

"Hawa askari wenu wana adabu, wanangoja mmalize kupiga pasi," alisema. "Mkono mmoja, jioni, baada ya kazi: huko ni kuchoka. Huu ugonjwa mnaousema kwa kawaida huamka na mtu asubuhi, mikono yote miwili, ukalegea kadiri siku inavyokwenda. Kuna mwingine?"

Mama Vifungo alisogea. Vifundo vya vidole vyake vilikuwa vimevimba, na ngumi haikukunjika. Daktari aliishika mikono ile taratibu, akamwomba msimamizi ampe kifungo. Kilianguka. Msimamizi alikiokota mwenyewe, akampa tena, kikaanguka tena. Akabaki amekishika, na aibu ilimjaa hadi masikioni.

Mama Vifungo akapangiwa kuanza kazi saa nne. Wahitimu walikatwa mshahara wa siku zao za kupumzika, kisha wakamzingira mkuu wa chuo getini, wakarudishiwa ada yao pamoja na kila alichokuwa nacho mfukoni.

Kesho yake Bwana Pole alimvizia mama akiingia kazini.

"Umenifundisha uongo."

"Ndiyo. Mtu mmoja akiumwa hawamwiti daktari. Nilihitaji kumi na wawili. Na kiwanda hiki hakisimamishi mashine mchana, nilijua daktari ataitwa asubuhi mapema."

"Nirudishie basi hela yangu. Hata nusu."

"Barua yangu ilikuwa ya kweli," mama alisema, na sauti yake haikuwa na mzaha. "Za kwako ndizo zilizoifanya ionekane ya uongo. Hela imekuwa dawa, na dawa naimeza. Kama unataka nusu, tugawane ugonjwa."

Bwana Pole aliitazama mikono yake miwili, mizima, akaitia mfukoni mlimokuwa hamna kitu kingine, akashika njia.