Ubongo Mpya wa Laptop Nne

Mafuta, aliyepewa jina hilo kwa kuteleza kila aliposhikwa, aliona wateja wakirudisha laptop mpya dukani. Zilikuwa na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, za aina mpya. Chaji ilikaa kutwa nzima, ila programu za kuchora majengo ziligoma kabisa. Muuzaji alikuwa ameshika tama.

Mafuta hakushika tama. Aliuza pikipiki yake, akazichukua nne kwa bei ya kutupa, akaenda kwa mama mmoja mwenye duka la uchapaji. Mama huyo alikuwa na laptop nne za aina ya zamani, zenye nguvu, na ofisi ya wachora ramani za nyumba ilikuwa ikitafuta za namna hiyo kwa udi na uvumba.

“Shikamoo, mama. Hizi zako ubongo umezeeka. Dunia nzima inahamia ubongo mpya, huu hapa. Tubadilishane, moja kwa moja.”

“Marahaba, mwanangu. Na hizi kuukuu utazifanyia nini?”

“Mimi nachukua maganda tu. Ni huruma tu.”

Huruma ya Mafuta ndiyo iliyomfilisi mjomba wake.

Mama alifikiri. “Njoo kesho. Acha kwanza nitoe kazi za wateja.”

Kesho yake wakabadilishana, wakashukuriana, na Mafuta akatua kwa wachora ramani akipiga mluzi. Mchoraji akabonyeza kitufe. Kimya. Akafungua skrubu. Ndani hamkuwa na bodi wala diski. Kulikuwa na kipande cha kigae cha sakafu, kimekatwa kwa kipimo ili uzito ubaki uleule. Mafuta, kama mtu wa fani, aliukubali ule ukataji.

Akapiga simu. “Mama, ndani hamna kitu.”

“Si ulitaka maganda, mwanangu? Bodi za ndani kaka yangu fundi kaziuza jana jioni kwa wachora ramani.”

Mchoraji akaonyesha mezani. Bodi nne zilikuwa zimepangwa pale.

“Na zile mpya?” Mafuta alimuuliza mama kwenye simu, akitumaini angalau zimegoma.

“Safi sana. Umeme umekatika tangu asubuhi, mtaa mzima ninayechapa ni mimi tu. Mimi ni mtu wa barua, majengo sichori. Sasa majirani nao wanazitaka, na wewe mdomo unao. Njoo uniuzie, nitakupa kamisheni.”

Mafuta akauliza kazi inaanza saa ngapi.